Mpimaji Aliyekataa Mavuno Mazuri

Ukimwuliza mtu wa umri wangu pale Bariadi habari za Mpimaji, kwanza atacheka, kisha atakuonyesha jinsi yule bwana alivyokuwa akitembea: macho mbele, mgongo umenyooka, midomo ikihesabu hatua. Alitembea hivyo shambani, na alitembea hivyo hata akienda kanisani. Ukimsalimu katikati ya hesabu hakujibu. Alifika mwisho wa hatua zake, akaandika kitu kwenye daftari, ndipo akarudi kukusalimia kwa ukamilifu, wewe, watoto na ng'ombe.

Nilifanya naye kazi miaka tisa katika ofisi ya kilimo, mimi karani wa kupiga chapa, yeye mtu wa takwimu. Siku hizo Simiyu lilikuwa jina la mto tu, na sisi tulikuwa chini ya Shinyanga. Watu walikuwa wameshahamia katika vijiji vipya, nyumba zimepangwa kwa mistari, mashamba yamelimwa bega kwa bega. Kila mwaka wakubwa walitaka kujua jambo moja mapema: kijiji fulani kitavuna mahindi kiasi gani? Kijiji chenye ziada kilipelekewa lori tupu ili lipakie. Kijiji chenye upungufu kilipelekewa lori lililojaa ili lishushe. Lori lilikuwa lilelile. Nambari ya Mpimaji ndiyo iliyosema lije limejaa au lije tupu. Naomba ulishike hilo, maana bila hilo utamwona mtu huyu kama kichekesho tu, na watu wengi walimwona hivyo.

Watu hudhani mavuno hupimwa ghalani. Ghalani umeshachelewa. Yeye alipima yakiwa bado shambani, na nitakueleza namna alivyofanya, maana si vigumu. Huwezi kuvuna shamba zima la kila mtu ukalipima. Kwa hiyo unachagua mashamba machache, na ndani ya kila shamba unachagua mraba mmoja mdogo, ukubwa wa chumba cha kulala. Unakuja kuuvuna huo peke yake, unapukuchua, unakausha, unapima kwa mizani ya kuning'iniza. Kisha unalipima shamba lote kwa mnyororo na dira, na kutokana na chumba kile kimoja unaikadiria nyumba nzima.

Ugumu uko hapa: mraba uweke wapi? Ukimwachia mwenye shamba achague, atakupeleka penye mahindi mazuri, kama anavyompeleka mgeni kwenye kiti kizima. Ukichagua mwenyewe, macho yako yatakwenda palepale. Kwa hiyo alikuwa na kijitabu chenye nambari zilizopangwa ovyo makusudi. Alifumba macho, akaweka kidole. Kidole kikiangukia kumi na saba, alikwenda hatua kumi na saba kando ya shamba. Kikiangukia tisa, aliingia ndani hatua tisa. Pale alipoishia, ndipo mraba ulipokaa. Ukiangukia juu ya kichuguu, ulikaa juu ya kichuguu. Nimewahi kumwona akizungushia kamba eneo ambalo nusu yake ilikuwa njia ya ng'ombe, mwenye shamba akimsihi asogeze hatua mbili tu.

"Mraba hauhamishwi," alisema. Hilo ndilo neno lake lililojulikana kuliko yote. Watu wa mjini walilitumia wakikataa kuondoka kwenye foleni ya sukari.

Aliwekea kamba mahindi yakiwa yamefika magotini, kwa sababu kwetu watu huanza kula mahindi mabichi kabla ya mavuno, na akichelewa angekuta mraba umeshachomwa na kuliwa. Alimwambia mwenye shamba, "Naomba usichume hapa hata hindi moja mpaka nirudi." Kisha akaenda zake. Ndivyo alivyofanya mwaka baada ya mwaka, na hakuna aliyeona kosa ndani yake.

Kitu kingine alichokijua kuliko sisi sote ni salamu. Alikuwa na msemo kwa vijana waliotumwa kwetu kutoka chuoni: "Mnyororo unatoka baada ya salamu." Usidhani ni adabu tu. Watu walikuwa wamehamishwa juzi. Ukitokea na mnyororo wa chuma ukaanza kuzunguka shamba la mtu, atajua unamhamisha tena. Yeye alifika, akasema "Mwangaluka", akakaa juu ya kigoda, akauliza habari za mvua, za mkwe mgonjwa, za ndama. Chai ikija alikunywa. Nusu ya asubuhi ilipita hivyo. Kijana mmoja wa chuo alimwambia mbele yangu, "Mzee, kwa mwendo huu tutamaliza lini?" Akajibu, "Jana ulipima mashamba manane, mangapi walikuonyesha mipaka ya kweli?" Kijana alicheka, lakini kesho yake nilimwona naye amekaa juu ya kigoda.

Na ng'ombe je? Hapo ndipo Msukuma na fomu ya serikali hawapatani. Kwetu mtu hatamki idadi ya ng'ombe wake. Ni kama kuwaita fisi. Fomu ilitaka idadi. Mpimaji hakuuliza idadi. Alimwambia mzee, "Nisifie ng'ombe wako." Mzee akaanza: yule mwekundu mwenye pembe moja, yule wa baka jeupe aliyetoka Shishiyu kwa mahari, yule mkaidi, mama yake na yule mkaidi. Mpimaji alitikisa kichwa kwa heshima, na mkono wake, bila yeye kuutazama, ulichora vijistari kwenye daftari. Mzee alijua. Mpimaji alijua kwamba mzee anajua. Lakini idadi haikutamkwa, basi hakuna aliyedhurika.

Kichekesho ni kwamba yeye mwenyewe, mtu wa kuhesabu, ukimwuliza ana ng'ombe wangapi nyumbani kwao Ipililo, alitazama mlima. Hakujua umri wake pia. Alisema alizaliwa mwaka wa nzige, nikamwambia nzige walikuja zaidi ya mara moja, akasema basi nichague nzige wowote ninaowataka. Saa hakuwa nayo. Kwenye mikutano alifika wa mwisho, akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi.

Duka tulilolizoea lilikuwa la Mzaramo mmoja aliyefuata biashara ya pamba akabaki, na kwa kuwa Wazaramo na Wasukuma ni watani, alikuwa hamwachi.

"Msukuma, njoo unipimie kikombe hiki, naona umekunywa zaidi ya robo."

"Nimekunywa theluthi. Pwani hamjui sehemu, mnajua nusu na nzima tu."

"Na lile jiwe unalokalia, umelipima? Maana ni la duka."

"Nimelipima. Ni zito kuliko unga unaotuuzia ukisema ni kilo."

Mzaramo alicheka mpaka akamwongezea kahawa, na hapo Mpimaji alisema, "Sasa ndiyo robo tatu."

Nakumbuka pia siku aliyogombana na fomu ya matumizi ya ardhi. Ilikuwa na safu tatu: shamba, malisho, pori. Sisi tuna ngitili, yaani malisho yanayofungwa mvua zikianza, majani yakaachwa yakue, ng'ombe wakaingizwa kiangazi tu, wakati pengine pote pamekwisha. Mtu wa mkoani alimwagiza aandike "pori", kwa kuwa alipopita hakuona ng'ombe. Mpimaji hakubishana. Alichora safu ya nne kwa rula, akaandika juu yake "akiba". Fomu ilirudishwa. Akachora tena. Ikarudishwa. Mara ya tatu nilimwambia, "Mzee, mimi ndiye ninayezipiga chapa hizi, vidole vyangu vinauma." Akaniletea karanga za kukaanga kwenye karatasi, akasema, "Mayu karani, ardhi ambayo haionekani kwenye karatasi huwa inagawiwa." Aliniita mayu, yaani mama, nami nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Tukaipiga mara ya nne.

Sasa nifike kwenye mwaka wenyewe.

Mvua za kwanza zilikuja vizuri, watu wakapanda. Za pili zilinyesha mara mbili zikakata. Kufikia wakati wa kupima, ofisi ilikuwa imepungukiwa watu, nikatumwa niende naye kuandika, yeye apime. Kijiji kilikuwa njia ya kwenda Lamadi, na sikitaji kwa jina. Tuliendesha baiskeli tangu alfajiri, mashamba pande zote mbili yamekuwa na rangi ya mkeka.

Shamba la kwanza lilikuwa la mayu mmoja mjane aliyelea wajukuu wanne. Tulipolikaribia nilidhani macho yangu yana jua. Shamba lote lilikuwa mabua makavu yanayofika kiunoni. Katikati, ndani ya kamba ya Mpimaji, palikuwa na mahindi marefu kunipita, yamebeba vizuri, chini pamepaliliwa kama uwanja wa harusi.

Mpimaji alisimama. Kisha akaisogelea kamba, na kwa mara ya kwanza nilimwona akitembea bila kuhesabu.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, baba. Karibuni."

Salamu ziliendelea mpaka mwisho wake, sitaziandika zote. Kisha akauliza, "Mayu, hapa ndani ya kamba kumetokea nini?"

"Kumetokea nini tena? Si kitu chako hicho?"

"Changu?"

"Uliniachia ukasema nisichume. Nikakitilia samadi, nikakipalilia. Jua lilipokuwa kali nikakinywesha. Kitu cha mgeni hakikondi kwangu, baba."

"Maji umeyatoa wapi?"

"Lamboni. Ndoo mbili kila jioni."

"Na haya mengine?"

Aliyatazama mabua yake. "Haya ni yangu. Hakuna atakayekuja kuniuliza."

Ili uelewe, ni lazima ujue desturi moja ya kwetu. Mtu mwenye ng'ombe wengi huwaweka wengine kwa rafiki. Yule aliyewekeshwa huwalisha vizuri kuliko wake, kwa sababu mwenyewe akija akakuta wamekonda, aibu ni ya nyumba nzima. Mpimaji alikuwa Msukuma wa Ipililo, alikuwa na ng'ombe kwa watu. Lakini hakuwaza kwamba kamba yake na vigingi vyake, pamoja na lile neno "mpaka nirudi", vilikuwa vimemwekesha yule mayu ng'ombe.

Tulikwenda mashamba yote kumi. Saba yalikuwa vilevile. Moja lilikuwa limejengewa hata kivuli cha matawi.

Mwenyekiti wa kijiji alitufikia tukiwa kwenye la saba, amefurahi. Alikuwa ameshaona mahindi yale, na mwaka ule palikuwa na mashindano ya vijiji.

"Ndugu Mpimaji, umejionea. Pima, uandike. Tunaweza kupata kikombe."

"Mwenyekiti, nikiandika hivi, litakuja lori tupu kuchukua ziada yenu."

"Lakini kanuni ni yako. Mraba hauhamishwi. Umetuimbia miaka mingapi?"

Watu walikuwa wamekusanyika, wakacheka. Mpimaji hakucheka. Akauliza, "Mwenyekiti, nyumbani kwako mnakula nini?"

"Michembe." Ni viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, akiba yetu ya siku mbaya.

"Tangu lini?"

"Tangu juzijuzi tu."

"Tangu mwezi uliopita," alisema yule mayu kutoka nyuma. "Usimdanganye mgeni, baba. Na imebaki kapu moja, nimeiona."

Safari hii walicheka kwa sauti ndogo, na mwenyekiti akatazama viatu vyake.

Hapo Mpimaji aliwaketisha watu wote, akawaeleza. Hakuwakaripia. Aliwaambia kuhusu chumba na nyumba, kama nilivyokueleza wewe. Akasema, "Kanuni ile niliiweka ili inizuie mimi nisichague pazuri. Ninyi mmepafanya pawe pazuri kwa ajili yangu, kwa wema. Basi nahamisha yote." Akatoa kijitabu, akampa yule mayu, akamwambia afumbe macho aweke kidole. Mayu aliweka kidole. Mraba mpya ulipimwa, ukavunwa saa ileile, mbele ya watu, kabla wema haujaugusa. Kwenye shamba lake tulipata mahindi yaliyojaa kofia moja. Tulifanya hivyo siku tatu, tukilala kwa mwenyekiti na kula michembe pamoja naye.

Njiani kurudi, Mpimaji alisukuma baiskeli badala ya kuipanda. Tulipofika mtoni, ukiwa mchanga mtupu, aliniambia, "Mayu karani, unafikiri walianza mwaka huu?"

Sikuwa nimewaza hilo. Mwaka wa mvua, shamba lote ni kijani, na mraba uliopaliliwa vizuri zaidi haujitokezi. Huenda miaka yote nambari zake zilikuwa kubwa kuliko ukweli. Huenda malori yaliyokuja tupu yalipakia mahindi ambayo hayakuwa ya ziada.

Aliandika barua kwenda mkoani. Ilitaja nambari mpya za kijiji kile na kuomba chakula haraka. Iliomba vijiji vingine vipimwe upya. Kisha ikasema kwamba nambari zake za miaka ya nyuma zisomwe kwa tahadhari, na kwamba kosa ni lake kwa kutouliza. Bosi wetu, mtu mwema lakini mwoga, aliisoma amesimama.

"Kata sentensi hii ya mwisho. Watasema miaka yote ulikuwa umelala."

"Waseme, Ndugu. Mahindi hayataongezeka kwa sababu nimenyamaza."

Barua nikapewa niipige chapa na kuituma. Na hapa nitakiri jambo. Mwezi ule ule nilikuwa nimepiga chapa barua nyingine, iliyompendekeza Mpimaji kuwa mkuu wa takwimu wa mkoa. Alistahili. Alikuwa na watoto shule. Niliona kwamba barua hii itaiua ile, nikaitia kwenye droo. Nilijiambia atabadili mawazo, atakuja aniambie nikate ile ya mwisho. Ilikaa siku tatu. Kila siku alipita mezani kwangu, akanisalimu, akaenda. Siku ya nne sura ya yule mayu ilinishinda, nikaituma.

Lori lilikuja limejaa. Mahindi yalikuwa ya njano, yale tuliyoyaita yanga, na watu waliyalalamikia ladha yake wakiwa wameshiba, jambo linalofurahisha kulisikia. Vijiji vingine vilipimwa upya. Cheo cha mkoa alipewa mtu mwingine. Mpimaji aliendelea na baiskeli yake hadi kustaafu, na tangu mwaka ule hakuacha tena kamba shambani kwa mtu. Alifika bila taarifa, akafumba macho, akavuna siku hiyohiyo.

Miaka mingi baadaye, nami nimestaafu, nilishuka Lamadi kumtembelea. Alikuwa akiishi kwa binti yake, karibu na barabara kubwa, na alikuwa amenenepa kidogo. Binti alituwekea ugali na sato, akatuacha. Tulizungumza habari za waliokufa na waliozaa. Nilikuwa nimekuja na jambo moja kifuani, na nikaona nikilirudisha Bariadi sitalileta tena.

"Mzee, ile barua ya mwaka wa ukame. Niliiweka kwenye droo siku tatu."

"Najua," alisema, akitoa mwiba.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ileile. Jioni nilitazama kitabu cha barua zinazotoka, haimo. Kesho yake nikatazama, haimo."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungelia, na mpiga chapa tulikuwa naye mmoja tu." Akacheka mwenyewe. "Niliandika nyingine kwa mkono, nikampa dereva wa lori la pamba aliyekuwa akienda Shinyanga. Yako ikafika baadaye. Kule walidhani nasisitiza. Bwana mmoja aliniambia, 'Ndugu, tumesikia, usituandikie tena.'"

Nilicheka, kisha nikaona machozi yamenitoka, basi hakukosea kuogopa kilio changu. Nikamwuliza, "Na cheo, Mzee?"

"Kilikwenda na barua ya kwanza. Yako ilipofika haikukuta kitu cha kuharibu." Alitafuna taratibu. "Siku zile tatu ulilala?"

"Sikulala."

"Wala mimi. Na yule mayu, na wajukuu wake wanne, sidhani kama walilala." Alinisogezea sehemu ya kichwa cha samaki, ambayo kwetu haipewi mtu hivihivi. "Tulikuwa wengi tuliokesha. Kula, mayu karani, kinapoa."